Swali la Ndara

Ilianza Ijumaa, saa kumi na robo alasiri. Nilikuwa uani, nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi, wakati Mpangaji alipotoka bafuni kurudi chumbani kwake, kanga begani, ndoo tupu mkononi. Alipovuka kizingiti cha ukumbini, ndara yake ya kushoto ikabaki nyuma. Yeye akaendelea. Mguu mmoja una ndara, mwingine mtupu, juu ya sakafu ya saruji ambayo mama alikuwa ametoka kuimwagia maji, na yeye anatembea taratibu akiimba kaswida kwa sauti ya puani, mpaka akaingia chumbani na kufunga mlango.

Mtu mwingine angeona ndara tu. Mimi mikono ilisimama. Nilikuwa nimemsikia akiuliza katika nyumba za watu, kwa sauti ileile ya upole: "Je, ndara hukutoka mguuni bila wewe kujua?" Na nilikuwa nimeona uso wake kila mtu aliposema ndiyo.

Niliinuka, nikaiokota ile ndara, nikaiweka mbele ya mlango wake, nikarudi kwenye nazi. Sikusema kitu. Ndivyo nilivyo. Mama husema nina mdomo wa kulia wali tu.

Kwa mdomo huohuo nilimwita mwenye ndara Shangazi, ingawa hatuna udugu. Mtaani walimwita Dokta. Humu ninamwita Mpangaji kwa sababu siku alipohamia ndilo neno mama alilolitamka kwa furaha, akipiga makofi uani: "Tumepata mpangaji!" Nilikuwa darasa la saba. Sasa niko kidato cha tatu, na neno hilo limekuwa kama jina lake la kweli, la kwetu peke yetu.

Alichukua chumba cha mbele, kile chenye dirisha linalotazama baraza. Alikuwa akifundisha chuo Dar, lakini kazi yake hasa ilikuwa huku kwetu: kutafuta watu walioumia uti wa mgongo, au ambao uti wao unaugua wenyewe polepole, na kujua wanaishije baadaye. Walioanguka minazi, walioanguka na bodaboda, mama mmoja wa Kiwangwa aliyeangukiwa na matenga ya mananasi yalipokuwa yakipakiwa. Hakutibu. Watu walipomwonyesha majino au vipele alikuwa akisema, "Mie dokta wa maswali, mwanangu, si dokta wa dawa," na wao walimtazama kama mtu aliyekuja harusini akakataa kula.

Ukutani kwake alibandika picha kubwa ya mgongo. Mgongo mtupu, hauna kichwa, hauna miguu. Mama aliitundikia kanga.

"Siwezi kupita na uji asubuhi natazamwa na mifupa," alisema.

"Mifupa haina macho, dada yangu."

"Ndiyo maana inatisha!"

Basi kanga ikabaki pale. Mpangaji akitaka kuitazama picha yake aliifunua kidogo, kama mtu anayechungulia dirishani kwa jirani, kisha akaifunika tena. Sikuwahi kumwona akilalamika.

Mwanzoni mtaa ulimwogopa. Kwetu ukisema uti wa mgongo watu wanasikia ile homa inayoua watoto. Jirani yetu wa ng'ambo aliwavuta wanawe wasikae barazani. Mpangaji alipoliona hilo alitoka na tasbihi yake, akakaa chini kwenye mkeka, akamwita.

"Njoo uone. Hizi shanga ni mifupa. Umeziona? Sasa tazama ndani ya shanga, kuna nini?"

"Uzi."

"Huo uzi ndio kazi yangu. Ugwe. Ukitaka kusogeza kidole cha mguu, habari inatoka kichwani, inapita humu. Ukikanyaga moto, habari inatoka mguuni, inapita humuhumu kurudi juu. Shanga zikivunjika au zikibana, uzi unaumia. Basi habari haifiki."

Jirani aliishika ile tasbihi muda mrefu. "Kwa hiyo haiambukizi?"

"Labda uambukizwe na maswali yangu."

Tangu siku hiyo watoto wa jirani ndio waliokuwa wakimbebea mkeka.

Nami nilikuwa nikienda naye wakati wa likizo. Haikuwa kwa sababu nina akili sana, ni kwa sababu mama alisema haipendezi mwanamke kuingia peke yake nyumba ya mwanamume aliyelala kitandani. "Nenda na Shangazi yako, kaa pale mlangoni, watu wakuone." Kazi yangu ilikuwa kuonekana, na hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote kwangu. Nilikuwa nakaa kizingitini natazama vidole vyangu, nasikiliza.

Nyumba ya kwanza niliyokwenda naye ilikuwa ya mkwezi mmoja njia ya Makurunge. Alianguka mnazi na tangu hapo miguu haikumwitika. Mpangaji alimsalimu, akakaa chini kwenye mkeka. Hilo lilikuwa sharti lake: anayeuliza akae chini kuliko anayeulizwa. Akafungua dodoso lake, akasoma swali la kwanza alivyoliandika.

"Habari za miguu, kaka?"

"Njema, alhamdulillahi."

"Na mgongo?"

"Salama kabisa."

Nyuma ya pazia mke wake akapasuka: "Salama wapi! Jana kaunguzwa na chupa ya chai pajani, ngozi imebanduka, yeye anatafuta rimoti!"

"Wee mwanamke! Mgeni hata chai hajanywa unamsomea mambo ya mapaja?"

Mpangaji aliuma midomo. Alimaliza kazi kwa adabu zote, tukaaga, na tulipofika mbali na nyumba alikaa juu ya gogo akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Kisha akalifungua dodoso tena. Karatasi zote alizokuwa amekusanya mpaka siku ile, katika nyumba zote, zilisema miguu ni mizima na migongo ni salama. Alikuwa ameuliza salamu, watu wakaitikia.

"Mimi mtoto wa Pangani," alisema. "Nimezaliwa ndani ya salamu. Ningekuwa mgeni wa mbali ningesamehewa."

Aliyatupa maswali yale akaanza upya. Usiku wote taa yake iliwaka, mama akalalamikia umeme. Ndipo lilipozaliwa swali la ndara. "Ndara haina salamu," aliniambia asubuhi, macho mekundu, kafurahi kama mtoto aliyeokota embe. "Hakuna mtu anayeulizwa habari ya ndara akajibu alhamdulillahi." Na ilikuwa kweli. Watu waliulizwa kuhusu ndara wakacheka, wakafikiri, halafu wakasema. Ndara zao zilibaki njiani, kwenye mchanga, msikitini, na wao hawakujua mpaka mtu awaite.

Neno lingine lililomsumbua lilikuwa kusikia. Alikuwa akigusa mguu kwa kipande cha pamba, mtu kafumba macho.

"Unasikia, babu?"

"Nasikia."

"Unasikia nini?"

"Nakusikia wewe unavyoongea."

Babu yule hakuwa akifanya mzaha. Mpangaji alilipenda jibu lile. Alilirudia mara nyingi akinywa chai, na kila mara alilicheka kidogo kisha akalitazama kama kitu kilichoanguka ndani ya kikombe.

Nisimfanye malaika. Alikuwa na hasira na wauza samaki, akigombana nao kama wamemwibia kwao. Aliwakataza watu wote kubeba mizigo kichwani, akawaeleza shingo ni nini, halafu maji yakikatika naye anajitwika ndoo kutoka kwa jirani, shingo imenyooka, akinionya kwa macho nisiseme. Alificha kashata ndani ya kopo la majani ya chai kwa sababu mama alishamwambia sukari si nzuri kwa umri wake. Nilijua kopo lilipo, naye alijua ninajua, na kashata zilipungua bila mtu kuuliza. Yeye alimtaka kila mtu aseme ukweli wa mwili wake mpaka kwenye haja ndogo, lakini mama akimuuliza, "Umeamkaje, dada?" jibu lilikuwa lilelile kila siku ya Mungu: "Mzima wa afya."

Na kulikuwa na lile swali lake la mwisho. Halikuwamo kwenye karatasi. Alikuwa akiliuliza tumeshasimama, viatu viko mkononi, kama mtu aliyesahau kitu.

"Ukiota, unatembea?"

Nilikuwa nikilingoja swali hilo. Nyumba ilikuwa inabadilika. Hata wanaume waliotujibu kwa mkato walikuwa wanalegea, wanatazama juu darini. Mkwezi alisema, "Napanda. Kila nikipanda mnazi unarefuka. Naona bahari, naona Mbegani yote, lakini sifiki kwenye nazi." Kijana wa bodaboda alisema anatembea vizuri tu, ila hakuna anayemwona, anapita sebuleni kwao, anamsalimu mama yake, mama yake anaendelea kuchambua mchele. Mama wa Kiwangwa alisema zamani alikuwa akitembea ndotoni, akicheza ngoma kabisa, lakini siku hizi anaota amekaa. "Nimeanza kuota nimekaa, Dokta," alisema. "Ndiyo kusema mwili umekubali?" Mpangaji alimshika mkono.

Wakubwa zake chuoni walimwambia ndoto haziingii kwenye ripoti. Akaitikia. Akaendelea kuuliza.

Jioni tulirudi kwa miguu. Njia ile ya mchanga kati ya mikorosho, jua limelala, nami najiona natembea katikati ya ndoto za watu wengine, naangalia nisizikanyage. Nilikuwa nasikia miguu yangu. Kabla ya kukutana naye sikujua kama mtu anaweza kuisikia.

Kwa hiyo ile ndara ya Ijumaa sikuiona peke yake. Ilinirudisha nyuma. Nikakumbuka kwamba tangu mwezi wa Ramadhani alikuwa akiniomba nimfungie vifungo vya mikono ya gauni, akisema macho yamechoka. Nikakumbuka tasbihi ilimtoka vidoleni barazani, akaitazama chini kwanza kabla ya kuiokota, kama si yake. Nikakumbuka alivyokuwa akishika ukuta wa ukumbini, kidogo tu, kwa ncha za vidole, kama anausalimia.

Na nilikumbuka alichomwambia mtoto wa yule babu wa pamba. "Ugwe ukibanwa shingoni, miguu ndiyo inayolalamika mwanzo. Mpelekeni mapema. Ukibanwa muda mrefu, hata ukifunguliwa, kilichopotea hakirudi chote." Alisema kwa ukali ambao sijauzoea.

Basi akili yangu ikawa na kitu kimoja tu. Nimwambie. Nilijipanga nikioga, nilijipanga nikifua. Nikimwona, nageuka kurudi jikoni. Na nilijiuliza pia, mimi nani? Mtoto hamwambii mtu mzima habari za mwili wake. Labda niliona vibaya. Labda alikuwa na haraka.

Jumatatu akatoka chumbani amevaa viatu vipya, vya ngozi, vyenye mkanda wa kufunga nyuma ya kisigino.

"Maridadi!" mama akasema. "Unakwenda kuposwa?"

"Ndara zinaniumiza kidole," akasema Mpangaji.

Niliinamisha kichwa juu ya uji. Wakati ule nilielewa kwamba anajua. Ndara iliyokuwa mbele ya mlango wake siku ile aliikuta, akaelewa nani kaiweka, na jibu lake kwangu lilikuwa hivi viatu. Amefunga mkanda ili visimtoke. Alikuwa amenijibu salama.

Wiki ile nzima aliamka mapema, akaenda nyumba nyingi kuliko kawaida, akarudi amekwajuka. Alishika ukuta kwa kiganja kizima sasa. Mama akamuuliza ameamkaje, akasema mzima wa afya. Mimi nilimfungia vifungo na hatukutazamana.

Jumapili, baada ya alasiri, mama alikuwa jikoni anapika vitumbua. Mpangaji alikuwa amekaa barazani peke yake, viatu vyake vya mkanda miguuni, tasbihi mapajani. Nilimpelekea chai ya tangawizi. Nikamwekea kikombe karibu, nikaanza kugeuka kama kawaida yangu.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilirudi, nikakaa chini. Nilikaa kwenye mchanga mbele ya baraza, chini kuliko yeye. Alinitazama nilivyokaa, na nadhani hapohapo alijua, kwa sababu aliacha kuhesabu tasbihi.

Nilingoja anywe kwanza. Yeye ndiye aliyenifundisha hivyo, bila kujua ananifundisha.

"Shangazi."

"Naam, mwanangu."

"Ndara... hukutoka mguuni bila wewe kujua?"

Sauti yangu ilikuwa ndogo kiasi kwamba nilidhani haikutoka. Pikipiki ilipita. Ndani mafuta yalikuwa yakilia kwenye kikaango. Mpangaji alikitazama kikombe, akakigeuza, akakigeuza tena.

"Watu wote hawa nimewauliza," akasema. "Hakuna aliyewahi kuniuliza mimi."

Sikusema kitu. Nilikuwa nimemwona yeye alivyokuwa akingoja, hajazi kimya cha mtu kwa maneno.

"Hunitoka," akasema. "Ya kushoto. Na sasa ya kulia imeanza. Wala sijui zinaponitoka, mwanangu. Ile ya Ijumaa niliikuta tu imerudi mlangoni."

"Tangu lini?"

"Umekuwa dokta sasa?" Alitabasamu, tabasamu halikukaa. "Tangu kabla ya Ramadhani. Nilijiambia nimalize nyumba zilizobaki kwanza. Nikienda hospitali watanilaza kitandani, wataleta mtoto mmoja ana karatasi, ataniuliza habari za miguu. Nitakuwa jibu. Nimezoea kuwa swali."

"Lakini ulisema wapelekwe mapema. Ulimwambia mtoto wa yule babu."

"Nilisema."

"Ulimgombeza."

Hapo mdomo wake ulitetemeka. Sikuwahi kumwona hivyo mtu mzima kwa ajili ya maneno yangu, nikataka mchanga unimeze. Lakini sikuinuka. Nilisema, na hili ndilo neno refu kuliko yote niliyowahi kumwambia, kwamba sitaki aje kuota amekaa.

Alifunika uso kwa mtandio. Mama akatoka na chano cha vitumbua, akatukuta hivyo, mmoja chini mmoja juu.

"Kuna msiba?"

"Hakuna," Mpangaji akasema. "Hapana, dada, njoo ukae. Ukiniuliza nimeamkaje nitakujibu vizuri leo."

Mama aliweka chano, akaniangalia mimi, akamwangalia yeye, akakaa. Akauliza kwa sauti ya mtu anayegonga mlango: "Umeamkaje, dada yangu?"

Na Mpangaji akamwambia. Yote, vifungo, vidole, ukuta, ndara, mguu unaokuja nyuma kama mtoto asiyetaka shule. Mama hakusema pole mpaka alipomaliza. Kisha alisema kwamba kesho wanaondoka na basi la kwanza kwenda hospitali, wote wawili, na kwamba asithubutu kumletea habari za nyumba zilizobaki. "Wako huko miaka yote, wataondoka? Na wewe," akanigeukia, "umeyajua haya, umekaa nayo? Mdomo wako ulikuwa wapi?" Lakini alinipa kitumbua cha kwanza, kile cha katikati kilichoiva vizuri.

Kabla ya maghrib, Mpangaji alifungua mkanda wa viatu vyake, kwa shida, nami nikamsaidia.

"Kesho navaa ndara," akasema. "Wanione nilivyo. Haya, malizia."

"Nini?"

"Dokta gani anaondoka bila swali la mwisho?"

Nilikuwa nimeshasimama, viatu vyake mkononi. Nikamuuliza kama akiota anatembea.

Alitazama mbele ya baraza, mahali pasipokuwa na kitu.

"Natembea," akasema. "Niko shule yetu ya Pangani, ile veranda ndefu. Nimevaa viatu vipya. Natembea vizuri kabisa, kama wewe. Ila nasikia kiatu kimoja tu kinalia. Nasimama, nasikiliza kile kingine. Ndoto yenyewe ni hiyo. Nimesimama nasikiliza."

Asubuhi niliwasindikiza stendi. Mama alitangulia na mkoba, akigombana na mwendesha bodaboda aliyetaka kuwabeba kwa nguvu. Mpangaji alitembea katikati ya njia kwa ndara zake, nami nyuma yake, macho chini, kama ninavyotembea siku zote, ila safari hii nilikuwa na sababu. Tulipopita duka la vitambaa, wanaume wamekaa nje wanakunywa kahawa, ndara ya kushoto ikabaki mchangani. Niliiokota. Watu walikuwa wanatutazama.

"Shangazi!" nikaita kwa sauti, mpaka wale wanaume wakageuka na mama akasimama huko mbele. "Imetoka!"

Akasimama, akashika bega langu, akainua mguu. Nikapiga magoti nikamvalisha.